Funguo za Baba Zilifungua Zote

Juzi nilikuwa nachonga penseli ya mwanangu kwa wembe, kwa sababu kile kichongeo cha dukani kilikuwa kimeshavunja ncha tatu mfululizo, na ule unga mweusi ukanibaki kwenye kidole gumba. Nikaunusa. Sijui kwa nini. Mtu mzima, mama wa watoto wawili, ana kazi gani kunusa penseli? Lakini pua ina mambo yake. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu, na papo hapo nikajiona niko Malaba, chini ya mabati manne yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa duka la mbolea, nikimtazama baba akiisaga penseli yangu ya shule kwa tupa ili akalainishe kufuli ya pikipiki ya mtu.

Wenzangu mliosoma na nusu penseli mtanielewa. Ila nyinyi mlikuwa na nusu kwa sababu ya kugawana na ndugu zenu. Mimi nilikuwa na nusu kwa sababu baba yangu alikuwa fundi wa funguo, na alisema hakuna kitu kinachofaa ndani ya kufuli kuliko unga wa penseli. Oili hunasa vumbi, na vumbi la Malaba, lile la matrela yanayopanga foleni kuvuka mpaka wa Uganda, halihitaji kualikwa. Siku moja mwalimu aliniuliza, "Nabwire, penseli yako huliwa na panya?" Nikamjibu kwa fahari kwamba imeingia kwenye pikipiki. Nilichapwa kwa utani ambao sikuwa nimeufanya.

Baba alitoka kwao Namboboto akiwa kijana, akaacha shamba la mihogo kwa kaka zake, akaja mpakani kutafuta maisha. Alianza na kufuli za milango. Kisha pikipiki zikaja, zikajaa, na zikaja na taabu zao. Nadhani hakuna mtu aliyemwita baba kwa jina lake. Alikuwa Fundi, na mama alikuwa Mke wa Fundi hata kule Busia alikokwenda kuuza mitumba, na mimi, kabla watu hawajajua kama nina akili au sina, nilikuwa mtoto wa Fundi.

Nilipenda sana kumtazama akifanya kazi. Mtu alipopoteza ufunguo, baba hakuanza na ile kufuli ya mbele, ambayo waendeshaji waliiita swichi. Alianza na kifuniko cha tangi la mafuta, kwa maana vyote viwili hutumia ufunguo mmoja na kifuniko ni rahisi kufungua. Alichukua ufunguo ambao haujachongwa, ambao yeye aliuita ufunguo mbichi, akaupitisha juu ya moshi wa mshumaa mpaka ukawa mweusi tititi. Akauingiza, akautikisa kidogo, akautoa. Pale palipoguswa na vibati vya ndani masizi yalikuwa yamefutika, na pale ndipo tupa ilipopita. Moshi, kutikisa, tupa. Moshi, kutikisa, tupa. Mpaka ghafla ukageuka, na mwenye pikipiki akapiga kofi moja kubwa na kusema, "Fundi, wewe ni daktari!"

Hapo ndipo baba alipoinamisha kichwa, akakohoa kidogo na kusema, "Aa, ni kazi tu." Nilikuwa nakijua kikohozi kile. Hakikuwa cha ugonjwa. Kilikuwa kikohozi cha mtu asiyependa kusifiwa, na mimi, niliyependa sana kusifiwa, nilimwonea huruma.

Vile vibati vya ndani baba aliviita ndimi. Ni vipande vidogo vya shaba, vyembamba, na swichi nzima huwa na tano au sita. Ufunguo sahihi huzishusha ndimi zote sawasawa, ndipo kufuli hugeuka. Sasa swichi ikizeeka, ikinyeshewa, ikila vumbi, ndimi hukwama. Ufunguo haugeuki. Mwendeshaji ana abiria nyuma, abiria analalamika, mwenzake anamchukua yule abiria. Hapo ndipo mtu alipofika kwa baba akiwa amekasirika.

"Fundi, hii kitu itaniua na pressure."

"Niachie nusu siku," baba alikuwa akisema. "Nikate ndimi mpya, nizipange vizuri."

"Nusu siku? Mimi nitakula nini hiyo nusu siku? Wewe toa hizo takataka, mimi nataka tu funguo iingie."

Basi baba akazitoa. Alichomoa kiini cha swichi, akatoa ndimi tatu au nne, zile mbili zilizobaki akazisugua mpaka zikawa laini, akarudisha. Dakika kumi. Mtu akaondoka akiimba, kesho akamwambia mwenzake, na mwenzake akaja. Zile ndimi zilizotolewa ziliingia kwenye mkebe wa majani ya chai uliokuwa chini ya meza. Nilizitumia kama sahani za wanasesere wangu. Mkebe ulipojaa mpaka juu, nilifurahi kana kwamba tumevuna.

Siku niliyogundua mambo ilikuwa ya mvua. Baba alikuwa amekwenda duka la pili na mvua ikamzuia kurudi, na mimi nilikuwa chini ya mabati na pikipiki tatu nyekundu. Ufunguo mmoja ulining'inia kwenye msumari. Nikauchukua, nikautia kwenye pikipiki iliyokuwa karibu, nikageuza, na ile taa ndogo ya kijani ikawaka. Nikautoa, nikautia kwenye ya pili. Kijani. Ya tatu. Kijani. Nilikuwa nimegundua siri ya baba yangu. Kumbe mafundi wengine walitengeneza ufunguo wa pikipiki moja, baba alikuwa akitengeneza ufunguo wa pikipiki zote!

Sikumwambia, kwa sababu nilijua atakohoa tu. Lakini nilitembea na siri hiyo kifua mbele. Nilidhani ndiyo kazi aliyojipa, kwamba akiimaliza Malaba atakwenda Busia, kisha Matayos, kisha Bumala, mpaka siku moja mtu yeyote aweze kupanda pikipiki yoyote akafika kwao. Jumapili kanisani nilimwombea kwa Mungu amalize mapema. Nacheka nikiandika haya, na tena sicheki sana.

Kwa maana ulikuwa msimu wa wizi. Pikipiki zilikuwa zikipotea Malaba. Mtu anaingia dukani kununua mkate, anatoka, hakuna kitu. Watu walisema zinavushwa kwa njia za panya, na zikishavuka basi. Vijana wa steji, pale waendeshaji walipongojea abiria, walikuwa na hasira, wakiapa kwamba wakimpata mmoja tu, mmoja tu, atakuwa mfano kwa wengine. Na baba katika siku zile alikuwa mkimya kuliko kawaida. Alianza kuwakatalia watu. "Ngoja nusu siku, ama nenda kwa mwingine," aliwaambia, nao wakamcheka, wakamsihi, na mwishowe akachukua bisibisi na kuzitoa ndimi kama kawaida. Nikikumbuka sura yake ya siku zile, nafikiri alikuwa ameshaanza kuelewa kwamba swichi iliyotolewa ndimi haichagui ufunguo.

Kisha mmoja wa waendeshaji akafariki, kwa maradhi, akiwa bado kijana mdogo, na siku ya mazishi steji nzima ikasimamisha kazi. Desturi yetu mnaijua. Mwenzao akifa, watu wa boda humsindikiza kwa msafara, honi juu, na kila pikipiki hufungwa matawi mbele na nyuma. Majani yanafunika taa, yanafunika namba, hata rangi utaiona kwa kubahatisha. Baba alikwenda kwa sababu karibu kila pikipiki katika msafara ule iliwahi kupita mikononi mwake. Mimi alinichukua kwa sababu mama alikuwa Busia na hapakuwa na wa kuniachia.

Nyumbani kwa marehemu, pikipiki zilipangwa kwenye malisho kando ya boma. Gari la jeneza lilipofika halikuwa na pa kupita, basi vijana wakazisukuma huku na huku kulifungulia njia. Hiyo ndiyo asili ya yote. Mtu aliyekuwa ameacha pikipiki yake mahali fulani, sasa mahali pale palikuwa na pikipiki ya mtu mwingine.

Katikati ya mahubiri shangazi wa marehemu akaanguka, akazirai. Watu wakapiga kelele, "Pikipiki! Leteni pikipiki!" Aliyekuwa karibu alikuwa Etyang. Huyu alikuwa kijana Mteso wa ng'ambo, upande wa Tororo, ambaye kwa miezi michache alikuwa akivuka kila siku kubeba abiria wa mpakani. Mtu mpole, mwenye kusalimia hata watoto. Swichi yake baba alikuwa ameishughulikia mwezi uliopita. Etyang akakimbilia pale alipoiacha pikipiki yake, akakuta pikipiki nyekundu yenye majani, akatia ufunguo, ikawaka. Nani angeuliza zaidi? Shangazi akapakiwa, mwanamke mwingine akamshika kwa nyuma, wakaenda mbio kwenye zahanati.

Haikupita muda Barasa akaanza kutafuta pikipiki yake. Barasa alikuwa mwenyekiti wa steji ya Malaba, mtu wa sauti kubwa na kifua kipana. Alizunguka malisho mara mbili, kisha akasimama katikati akashika kiuno. "Jameni, yangu imeenda," alisema. Mazishi yote yakageuka kumtazama. Na ndipo Etyang akatokea kwenye kona ya njia, peke yake, amewaacha wale akina mama kwa daktari, anarudi kuzika. Alikuwa amepanda pikipiki ya Barasa.

Sikumbuki nani alimshusha. Nakumbuka tu alikuwa juu, kisha akawa chini, na vumbi kwenye shati.

"Hii pikipiki umetoa wapi?"

"Ni yangu, boss."

"Yako?" Barasa akayang'oa majani kwenye namba kwa mkono mmoja. "Soma hiyo. Soma tusikie."

Etyang akatazama namba. "Mwenyekiti, mimi niliona ni yangu. Ilikuwa pale niliacha yangu. Haya majani..."

"Na funguo je? Yangu niko nayo hapa." Barasa akaitoa mfukoni, akaiinua kila mtu aone. Kisha akachukua ya Etyang, akaitia kwenye swichi, akageuza. Taa ya kijani ikawaka.

"Masta!" mtu akapiga kelele nyuma. "Ako na masta ki ya kufungua kila pikipiki! Ndiye huyu amekuwa akitumaliza!"

"Na si wa hapa. Ni wa ng'ambo. Ndio huko zinaenda!"

Kofi la kwanza lilipigwa na mtu ambaye kila siku alininunulia mandazi. La pili sikuliona, nililisikia. Kando yangu kijana mmoja alikuwa amechomoa mpira wa mafuta wa pikipiki, anakinga petroli kwenye chupa ya soda. Mama alikuwa akiondoa grisi kwenye ovaroli ya baba kwa petroli, kwa hiyo nikadhani wanataka kumsafisha Etyang shati lake lililochafuka. Nilimwona yule kijana kuwa mwema.

Etyang alikuwa amepiga magoti. "Ulizeni Fundi!" akalia. "Fundi ndiye alitengeneza swichi yangu! Pikipiki yangu iko hapa hapa, tafuteni tu! Fundi, waambie!"

Watu wakafungua njia, na mwisho wa ile njia alikuwa baba, na mimi nikiwa nimemshika suruali.

"Fundi," Barasa akasema. "Wewe ulichongea huyu funguo ya pikipiki yangu?"

Baba akakohoa.

"Mimi nachonga funguo za watu wengi," alisema akitazama chini. "Siwezi kukumbuka kila moja."

Nilitaka kucheka. Hata hapa, mbele ya kijiji kizima, baba yangu alikuwa anaona haya! Watu wanamuuliza kuhusu kazi yake kubwa kuliko zote, na yeye anainamisha kichwa. Nikasema moyoni, kama yeye hawezi kujisifu, nitamsifu mimi. Nikaiachia suruali nikajitokeza mbele.

"Baba anaona haya kusema," nikawaambia. "Funguo za baba zinafungua zote."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza mwenyewe.

"Zote," nikarudia. "Nimejaribu mimi."

Nikamnyoshea Barasa mkono, naye kwa mshangao akanipa ule ufunguo wa Etyang. Nikaenda kwenye pikipiki ya kwanza niliyoikuta. Kijani. Ya pili. Kijani. Kila taa ilipowaka niligeuka kumtazama baba, nikitafuta tabasamu. Hakuwa ananitazama. Nikaendelea. Mbili hazikugeuka kabisa, zilikuwa za watu waliotoka Busia, na bila kuulizwa nikawaeleza watu kwamba hizo baba bado hajazifikia. Watu wazima karibu mia walikuwa wakinifuata nyuma kwenye malisho yale, na mimi nilijiona kama askofu.

Ya nane au ya tisa ilikuwa mwisho kabisa, karibu na choo, imesukumwa kwenye ua. Nikageuza ufunguo, ikawaka. Mtu akang'oa majani. "Hii ni namba ya Uganda," akasema polepole. Ilikuwa ya Etyang.

Yule kijana wa chupa ya soda alirudisha petroli kwenye tangi, tone kwa tone, kama mtu anayepimia mtoto dawa. Wanawake wawili wakamwinua Etyang, wakampangusa. Na Barasa akasimama mbele ya baba, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akizungumza kwa sauti ndogo.

"Kwa hivyo Fundi, mwaka huu wote tumekuwa tukilala milango wazi? Na wewe unajua?"

Baba angeweza kuwaambia kwamba wao wenyewe ndio waliotaka iingie tu. Ingekuwa kweli. Hakuisema.

Tulirudi Malaba kwa miguu, maana hakuna aliyetubeba. Jua lilikuwa kali na viatu vyangu vya kanisani vilinibana. Nilimuuliza baba kwa nini watu hawakupiga makofi. Akaniambia labda mikono yao ilikuwa imechoka, kisha akanibeba mgongoni, na sikuwa mtoto wa kubebwa tena.

Usiku ule mama alisikia habari yote kutoka kwa majirani kabla hajaweka mizigo chini. Alimsikiliza baba, kisha akamuuliza swali moja tu: "Na wewe ulikuwa wapi, mpaka mtoto ndiye aongee?" Baba alikuwa amekaa palepale mbele yake. Nikamwambia mama kwamba baba anaona haya kujisifu, si anamjua? Mama akanipakulia ugali.

Wezi wenyewe hawajajulikana hata leo. Lakini jina la baba lilijulikana. Kesho yake asubuhi alichukua mkebe wangu wa ndimi, akaumwaga mezani. Nililia kwa ajili ya sahani zangu. Akanunua bati la shaba, akanoa tupa zote, kisha akanishika mkono tukaenda steji. Vijana walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Walimwona, wakageuza nyuso.

"Vijana," baba akasema, "swichi zenu niliziharibu mimi. Sitaki shilingi ya mtu. Nitaweka ndimi zote upya, moja moja. Kila moja itachukua nusu siku. Mnikubalie tu nitengeneze."

Mmoja akawasha pikipiki yake, akaipigisha kelele mpaka baba akaacha kuongea.

Hakuna aliyekuja siku ile, wala ya pili. Walikwenda Busia kwa fundi mwingine, au walifunga minyororo kwenye magurudumu. Baba alifungua kila asubuhi, akakaa mbele ya vifaa vyake vilivyopangwa vizuri, na jioni akavirudisha kwenye mfuko bila kuvitumia. Mama alianza kuzungumza juu ya Namboboto, kwamba shamba bado lipo, kwamba mihogo haiulizi mtu jina. Nilisikia na nikaogopa. Nilikuwa na rafiki mmoja tu duniani na alikuwa Malaba. Lakini zaidi ya hapo, nilimtazama baba amekaa bila kazi, mikono juu ya magoti, na nikaona mtu ambaye simjui.

Siku ya tatu akaja Etyang. Jicho moja lilikuwa bado limevimba. Alikuwa amefunga kuku wa kienyeji kwenye usukani, mwekundu, mkubwa.

"Shikamoo mzee," akasema. "Mama yangu amesema nikuletee hii. Amesema ni wewe na mtoto wako mmemrudishia mwanawe."

Mimi nilikuwa nimeshanyosha mikono. Baba akasimama.

"Kijana wangu, hiyo kuku rudi nayo," alisema. "Mwambie mama ukweli. Mimi sikukuokoa. Toka ile dakika walitoa funguo yako, nilijua. Niliona yule kijana na chupa, nikajua ni ya nini. Nikanyamaza. Niliona nikisema, kazi imekwisha. Kama si huyu mtoto, mimi ningeenda nyumbani, na wewe ungebaki pale."

Nilikasirika. Nikajua ameanza tena mambo yake ya kukataa sifa, na safari hii yatatunyima kuku. Ilinichukua miaka mingi kuyasikia maneno yale. Nilikuwa chuoni tayari, nafua nguo, mikono imo kwenye povu, nikayakumbuka moja baada ya jingine, nikaelewa kwamba baba yangu hakuwa anaona haya pale malishoni. Alikuwa anachagua. Niliketi chini kando ya karai nikalia. Kisha nikakumbuka pia kwamba hakuna aliyemlazimisha kumwambia Etyang. Angechukua kuku, angenyamaza, na duniani asingekuwepo wa kumbishia. Nimempenda baba maisha yangu yote, lakini toka siku ile ya karai nampenda nikimjua.

Etyang hakushangaa. Alikuwa akimfungua kuku miguu polepole.

"Najua, Fundi," alisema. "Watu wote wale, mimi nilikuwa nakuangalia wewe tu."

Baba akakaa. Etyang akanikabidhi kuku, akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa pikipiki yake na kuuweka mezani mbele ya baba.

"Nitengenezee," akasema. "Niko na siku nzima."

Kisha akatandika koti lake pale kivulini, kando ya miguu ya baba, akajilaza. Alikuwa hajalala vizuri toka siku ile, alisema. Haikupita dakika tano akaanza kukoroma. Baba alichomoa swichi taratibu, akakata shaba, akachonga kwa tupa ndogo kabisa, ile isiyo na kelele. Mimi nikaanza kumuuliza kitu kuhusu kuku, naye akaweka kidole mdomoni, akanionyesha aliyelala.

Ilikuwa karibu saa saba Barasa alipopita, anaendesha kwa kasi, hatutazami. Alipita. Kisha nikaisikia pikipiki yake ikipunguza, ikigeuka, ikirudi. Akasimama mbele ya mabati yetu, injini inanguruma, akamtazama Etyang amelala chali, mdomo wazi, na baba ameinama juu yake na tupa mkononi. Kisha akazima injini, akachomoa ufunguo, akaja akinyata kwa ncha za vidole vya miguu, yeye na mwili wake wote ule, akauweka mezani.